Daftari, meseji, WhatsApp au programu: tunaoishi na kolitisi huku Kusini tuchague kipi?

Ukitaka kujua Newala yetu ya Mtwara iko mbali kiasi gani na Dar es Salaam, usiulize kilomita, uliza vyoo. Sisi ambao utumbo mpana umetugeuka tunaihesabu safari kwa vituo: basi linasimama wapi, choo cha pale kina maji au kina ndoo tupu, na dereva wa leo ni mtu wa kuombeka au ni yule wa "jikaze mwalimu, tunafika sasa hivi". Masasi, Nangurukuru, Somanga, Daraja la Mkapa, Ikwiriri, Kibiti, Mbagala. Nimeipita njia hiyo tangu 2018, kila baada ya miezi mitatu, nikiwa kiti cha karibu na mlango, kwenda kuonana na daktari kwa robo saa. Choo mara ngapi? Damu ipo? Dawa unameza? Haya, tuonane tena. Safari ya tatu au ya nne nikajiuliza: maswali haya si angeniuliza nikiwa nyumbani?

Tangu hapo nimejaribu karibu kila njia ya kufuatiliwa kwa mbali ambayo mtu wa Mtwara au Lindi anaweza kuipata. Nimeziweka hapa mbilimbili, ubavu kwa ubavu, ili mwenzangu asirudie makosa yangu. Mimi si daktari. Ni mwalimu wa hesabu mwenye kolitisi, na sehemu nilizoshindwa nitazisema.

Kwa ambaye ndiyo kwanza ameambiwa jina la ugonjwa: haya huitwa magonjwa ya uvimbe sugu wa utumbo, na makubwa ni mawili. Kolitisi ya vidonda hukaa kwenye utumbo mpana, huanzia karibu na njia ya haja kubwa na kupanda juu bila kuruka sehemu. Ugonjwa wa Crohn unaweza kutokea popote kuanzia mdomoni hadi njia ya haja kubwa, tena huruka: hapa pazima, pale pabovu. Yote mawili huamka na kulala. Wala si vidonda vya tumbo. Nalisema hilo kwa sababu kila nikitaja neno vidonda, kuna mtu ataniletea juisi ya kabichi.

Kabla sijaambiwa jina hilo nilipewa dawa ya amiba mara nne katika kituo kimoja, mara ya mwisho bila hata kupimwa choo. Kuanza na amiba sina kinyongo nako. Huku kwetu mtu akiharisha damu ni lazima amiba itafutwe kwanza, na Crohn hufanana sana na kifua kikuu cha utumbo, hivyo kukimbilia dawa za kushusha kinga kabla ya kupima ni kumtafutia mgonjwa balaa. Kinyongo changu ni ile mara ya nne. Basi elewa kwamba yote nitakayoyasema yanamhusu mtu ambaye ugonjwa wake umeshathibitishwa, kwa kamera ya kuingizwa utumboni na kwa kinyama kilichokatwa kikapelekwa maabara. Simu haigundui ugonjwa huu. Inauchunga tu ukishagunduliwa.

Kwanza hesabu yenyewe

Chombo chochote utakachochagua, ndani yake utakuta maswali yaleyale. Kwa kolitisi kuna orodha iliyotungwa na madaktari wa Uingereza na kuchapishwa 1998, na uzuri wake ni kwamba haitaki damu wala mashine. Unahesabu choo cha mchana: mara 1 hadi 3 ni alama 0, mara 4 hadi 6 alama 1, mara 7 hadi 9 alama 2, ikizidi hapo alama 3. Choo cha usiku: kama hukuamka ni 0, mara 1 hadi 3 ni alama 1, mara 4 hadi 6 alama 2. Kubanwa: ukilazimika kuharakisha ni 1, ukilazimika kwenda papo hapo ni 2, ukishindwa kujizuia ni 3. Damu: chembe ni 1, damu ya wazi mara mojamoja ni 2, karibu kila uendapo ni 3. Hali yako kwa ujumla inapewa 0 hadi 4, kadiri unavyojisikia vibaya. Kisha ongeza alama moja kwa kila tatizo la nje ya utumbo linaloletwa na ugonjwa huu, kama viungo kuvimba, macho kuwaka au vipele vya miguuni.

Jumanne moja ya Februari nilijihesabu hivi. Mchana mara 5, alama 1. Usiku mara 2, alama 1. Kubanwa: niliacha chaki ubaoni katikati ya mlinganyo, Kidato cha Tatu wakabaki wanaitazama x, alama 2. Damu chembe, 1. Mwili chini kidogo, 1. Goti la kushoto limejaa, 1. Jumla 7. Madaktari wengi huchukulia 5 kwenda juu kuwa ugonjwa umeamka, na 2 kushuka chini kuwa umetulia. Kwa hiyo ile 7 haikuwa ya kusubiri kliniki ya Aprili.

Wenye Crohn wana orodha yao ya 1980. Inauliza hali ya jumla, maumivu ya tumbo, idadi ya choo chepesi na matatizo ya nje ya utumbo, lakini kipengele kimoja kinamtaka daktari apapase tumbo kama kuna uvimbe. Mkono huo hautumwi kwa meseji. Isitoshe, katika Crohn utumbo unaweza kuendelea kuungua kimyakimya huku mtu anajisikia vizuri. Mwenye Crohn akifuatiliwa kwa mbali, asiziamini sana dalili peke yake. Vipimo vya maabara kwake vina uzito zaidi kuliko kwetu.

Daftari na programu ya simu

Daftari langu ni kaunta buku la kawaida nililolichorea mistari saba. Halitaki chaji wala bando, na umeme ukikatika ninaandika kwa mwanga wa kibatari. Likianguka kwenye maji hukauka juani. Mtu akilifungua ataona tarakimu tu asijue ni za nini. Mke wangu kwa muda mrefu alidhani ni matokeo ya mazoezi ya wanafunzi.

Ubaya wa daftari unajulikana na kila aliyewahi kulitumia: linasahaulika, kisha linajazwa kwa mkupuo. Nimeshawahi kujaza wiki tatu nzima nikiwa ndani ya basi, kwa kalamu moja, mwandiko mmoja unaotetemeka kwa mashimo mamoja. Daktari akalitazama, akanitazama, akacheka. Ubaya wa pili ni mkubwa zaidi. Daftari halimwambii mtu yeyote. Ile 7 ya Februari ilikaa humo siku tisa bila mtu kuijua isipokuwa mimi.

Programu inatibu mambo hayo mawili. Inakukumbusha kwa mlio, inaandika saa uliyojaza hivyo huwezi kudanganya, na ile iliyounganishwa na kliniki huwasha taa kwa muuguzi alama zikipanda. Na kuna ushahidi. Uholanzi walichapisha utafiti 2017: wagonjwa 909 walifuatwa kwa mwaka mmoja, nusu yao kwa programu na nusu kwa kliniki za kawaida. Wa programu walikwenda kuonana na daktari au muuguzi wastani wa mara 1.55 kwa mwaka, wenzao mara 2.34, na kulazwa hospitalini kulipungua kwa karibu nusu, bila ubora wa matibabu kushuka. Denmark walitangulia na utafiti wao wa 2010. Wagonjwa wa kolitisi isiyo kali walifundishwa kujihesabu kwenye tovuti na kuanza wenyewe kuongeza dawa kwa mpango uliokwisha kuandikwa. Ugonjwa ukiamka, kwao uliisha katika siku 18, wakati kwa wenzao ulichukua siku 77.

Nilipoyasoma hayo nikapakua programu siku hiyohiyo. Nikaikinai ndani ya mwezi. Kiingereza chake nakiweza, lakini ilipofika kwenye chakula nikakuta haiijui ming'oko, haiujui muhogo, na korosho, ambazo msimu wake hapa mtu anakula kuanzia asubuhi, zimesukumizwa chini ya "karanga nyinginezo". Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba nilikuwa nachora grafu nzuri ambayo hakuna aliyeitazama. Wale wa Uholanzi nyuma ya programu yao alikuwepo muuguzi anayelipwa kusoma taa nyekundu. Nyuma ya yangu alikuwepo mtengeneza matangazo, aliyeniletea dawa za kupunguza kitambi wakati nimepungua kilo sita.

Kuna na suala la siri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, lakini ukizimwaga mwenyewe kwenye programu ya bure ya ng'ambo, utamfuata nani? Kwa hiyo kati ya hivi viwili msimamo wangu hauna utata: kama kliniki yako yenyewe imekupa programu na kuna mtu anayeisoma, chukua programu. Kama umeipakua peke yako, umenunua daftari linalokula bando.

Meseji na WhatsApp

Hapa ndipo wengi wetu tutaangukia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilishuka na mvua zake, na barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam ikakatika maeneo ya Somanga, wilaya ya Kilwa. Mabasi yakalala. Kliniki yangu ilikuwa Jumanne ya tarehe 7. Azathioprini, dawa yangu ya kushusha kinga, ilikuwa imebaki ya siku tisa, na tumbo, ambalo hujua wakati wa kuchagua, lilianza kunguruma wikiendi hiyo. Nikawa nawasiliana na Sista wa kliniki kwa WhatsApp, mambo yanakwenda. Kisha Jumapili ya tarehe 12 nyaya za intaneti za chini ya bahari zikapata hitilafu, na intaneti ikayumba nchi nzima. Ujumbe wangu wa saa mbili asubuhi ukakaa na alama moja ya vema hadi jioni.

Nikatoa simu ya kitochi ya mtoto. Nikaandika meseji ya kawaida: "Sista shikamoo. Mwl wa Newala. 5-2-2-1-1-0 jumla 11. Aza siku 4." Ndiyo, nilikosea, mwalimu wa hesabu. Jibu likaja kabla sijanywa chai: "Marahaba Mwl. Pole. Hiyo 5 ni alama au idadi? Rudia. Homa ipo?" Nilikuwa nimeandika idadi ya choo badala ya alama za choo. Nikarudia, ikawa 6. Akaniambia nifuate ukurasa wa njano wa karatasi ya mpango niliyo nayo kutoka kwa daktari, akaelekeza duka la dawa Masasi ambalo lingeweza kunipatia azathioprini kwa cheti cha zamani, na akanitaka nimwandikie tena Alhamisi.

Tangu siku hiyo meseji ndiyo uti wa mgongo wa mpango wangu. Inapita kwenye simu yoyote, inapita mtandao ukiwa mstari mmoja, na ufupi wake unakulazimisha kusema tarakimu badala ya hadithi. Inabidi mkubaliane mpangilio mapema, yaani tarakimu ya kwanza ni nini na ya mwisho ni nini, na iwe alama siyo idadi, ili lisiwakute lililonikuta.

WhatsApp ina ushindi wake, na ni wa picha. Siyo picha ya choo. Hiyo mara nyingi haimwongezei daktari jambo ambalo maneno "damu ya wazi, karibu kila mara" hayajasema, na mimi yangu moja niliituma kwa makosa kwenye grupu la kamati ya harusi ya mpwa wangu. Mwenyekiti akauliza kama hiyo ndiyo sampuli ya mchuzi. Picha zinazofaa ni za karatasi ya majibu ya maabara, za jicho jekundu, za vipele vya miguuni, na hasa za pakiti ya dawa. Mesalazini, dawa ya kutuliza uvimbe wa utumbo, zina miligramu tofauti kutoka kiwanda hadi kiwanda, na duka likikubadilishia bila kukwambia, kidonge kimojakimoja cha zamani si sawa na kimojakimoja cha sasa. Piga picha pakiti kila unaponunua.

Kasoro ya WhatsApp, mbali na intaneti, ni kwamba inafanana na maongezi. Unamwandikia Sista saa nne usiku, anaona, hajibu, unanuna. Unasahau kwamba naye ana watoto. Sisi tumekubaliana Jumatano kabla ya saa sita mchana kwa taarifa za kawaida. Dharura ni kupiga simu, siyo kuandika.

Lakini usije ukadhani kutuma meseji ndiyo tiba. Marekani waliwafuata wagonjwa 348 kwa mwaka mmoja: wengine walijibu maswali kwa meseji kila wiki, wengine kila baada ya wiki mbili, wengine waliendelea na kliniki zao za kawaida. Mwisho wa mwaka ugonjwa haukutofautiana kati ya makundi hayo. Kulazwa kulipungua kwa waliotumia meseji, ila simu na mawasiliano mengine na kliniki yakaongezeka. Ukiilaza taarifa hiyo kando ya ile ya Denmark, mimi ninachokiona ni kile kipande cha karatasi chenye mpango. Wale wa Denmark walikuwa wameshaambiwa wafanye nini alama zikipanda. Bila karatasi hiyo, meseji kila wiki ni kumjulisha mtu kwamba unaumwa, naye akajibu pole.

Karatasi yangu ina rangi tatu, ameiandika daktari, na iko ndani ya jalada la daftari. Kijani ni kuendelea na dawa. Njano ni alama 5 kwenda juu: dawa ipi iongezwe, kiasi gani, kwa siku ngapi, na ni lini nitoe taarifa. Nyekundu nitaieleza mbele. Sitaandika hapa dozi zangu, maana najua kuna mtu atazinakili. Dai karatasi yako. Kama daktari wako hana muda wa kuandika, mwandikie wewe kwa lugha yako, mpe asahihishe na kutia saini. Mimi ndivyo nilivyofanya, ilichukua dakika tatu.

Choo maabara au damu maabara

Dalili husema uongo. Tumbo linaweza kuharisha kwa sababu ya maembe tu, na linaweza kutulia huku ndani kunawaka. Ndiyo maana kuna kipimo cha kalprotektini, protini inayotoka kwenye chembe nyeupe za damu zinapokusanyika kwenye ukuta wa utumbo; kadiri uvimbe unavyozidi, ndivyo inavyojaa kwenye choo. Kwa kawaida chini ya mikrogramu 50 kwa gramu ya choo ni utulivu, juu ya 250 ni dalili kubwa kwamba ugonjwa uko macho, na katikati hapo ni pa kurudia baada ya wiki kadhaa. Ulaya kuna vifaa vya kujipimia nyumbani ambavyo kamera ya simu ndiyo inayosoma jibu. Mimi dukani Mtwara sijakiona, kwa hiyo hutuma sampuli Dar es Salaam kwa basi.

Kuituma kuna utaratibu. Kikopo kifungwe vizuri, kiwe ndani ya mifuko miwili, kisha ndani ya kiboksi chenye barafu. Protini hii huvumilia siku mbili tatu kwenye joto la kawaida la chumba, ila chumba kinachozungumzwa siyo buti la basi la Kusini mwezi wa Desemba. Tuma Jumatatu, siyo Ijumaa. Karani wa vifurushi aliponiuliza ni mzigo gani nikajibu "sampuli ya maabara", akaandika "sampuli ya madini". Kwa Kusini ya siku hizi sikumlaumu.

Mitego ya kipimo hiki ni miwili. Kwanza, maambukizi ya kawaida ya tumbo nayo huipandisha, kwa hiyo msimu wa mvua kipimo cha kawaida cha choo kwa hadubini kitangulie, tena kinafanyika hapahapa wilayani. Pili ni diklofenaki. Huku kila maumivu ya mgongo ni diklofenaki, na familia hiyo ya dawa, ibuprofeni ikiwemo, huweza kupandisha kalprotektini na hata kuuamsha ugonjwa wenyewe. Goti langu nalituliza kwa paracetamol, basi.

Kipimo cha damu cha uvimbe ni rahisi na kinapatikana karibu zaidi, lakini kwa kolitisi iliyokaa sehemu fupi ya chini kinaweza kutoka safi wakati unatokwa damu. Damu ina kazi nyingine ambayo choo hakiwezi, nayo ni kuilinda shingo yako dhidi ya dawa. Azathioprini inaweza kushusha chembe nyeupe na kusumbua ini. Mwanzoni damu hupimwa karibu kila wiki, baadaye kila miezi mitatu au zaidi kidogo. Salfasalazini, ndugu wa mesalazini, nayo inataka damu iangaliwe. Hili halina mbadala wa simu. Linachoruhusu ni kupima karibu. Ukiwa Mtwara mjini una Ligula, na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini kule Mitengo; Lindi mjini iko Sokoine; barabara ya Masasi iko Ndanda, na Nyangao upande wa Lindi. Pima hapo, piga picha karatasi, tuma. Safari mbili kati ya zangu nne za mwaka zilikufa kwa ujanja huo tu.

Mwenye pesa za kimoja, achukue kipi? Anayemeza azathioprini achukue damu, hilo halina mjadala. Asiyeimeza na mwenye mashaka kama kweli ametulia, akusanye pesa ya kalprotektini, hata mara moja kwa mwaka.

Kubaki nyumbani au kupanda gari

Ukurasa mwekundu hauhitaji kliniki ya Dar. Unahitaji hospitali ya karibu, leo. Kipimo chake ni cha zamani, tangu 1955, na bado madaktari wanakitumia: choo chenye damu mara 6 au zaidi kwa siku, pamoja na dalili moja ya mwili mzima, kama mapigo ya moyo kupita 90 kwa dakika au joto kupita nyuzi 37.8. Mapigo huhitaji saa ya mshale na vidole viwili chini ya kidole gumba. Kaa dakika tano kwanza, usihesabu ukitoka chooni mbio. Tumbo likivimba na kuwa gumu, au mguu mmoja ukivimba na kuuma kwenye shavu la mguu, usihesabu kitu, nenda. Ugonjwa huu ukiamka damu huganda kirahisi. Na anayemeza prednisoloni, dawa ya steroidi, kwa wiki kadhaa asiikatishe ghafla kwa sababu zimemwishia. Hilo nalo ni la kupiga simu siku hiyohiyo.

Kuna pia safari ambayo si ya dharura na bado haina mbadala. Baada ya miaka 8 hivi tangu dalili zianze, wenye kolitisi iliyoenea huanza kupimwa kwa kamera mara kwa mara kutafuta dalili za mapema za saratani. Kwangu dalili zilianza 2017, kwa hiyo mwaka 2025 basi lilinirudia, na lile dumu la dawa ya kusafisha utumbo nililinywa Dar, kwa shemeji. Kulinywa Newala halafu upande gari, hapana.

Sasa wewe

Kama uko Mtwara au Lindi mjini, una simu janja na ugonjwa umetulia mwaka mzima, tumia daftari na WhatsApp, damu upime karibu, Dar uende mara moja au mbili. Kama ugonjwa unaamka kila baada ya miezi miwili, usinisikilize mimi, nenda ukaonwe. Kufuatiliwa kwa mbali ni kwa waliotulia na wanaoamka kidogo, na anayelipuka kila mara huenda anahitaji kubadilishiwa dawa kabisa. Mwanafunzi wa chuo anayesahau kila kitu isipokuwa simu, huyo programu inamfaa, mradi kliniki yake iisome. Mjamzito, au mwenye Crohn aliyewahi kupasuliwa, ningemwambia asipunguze kliniki hata moja bila daktari kusema.

Na kama uko kijijini na kitochi, usidhani umeachwa nyuma. Kwenye benchi la kliniki nilikutana na mama mmoja wa Kitangari, wa umri wa mama yangu mzazi. Macho yake hayasomi herufi ndogo. Tulikaa nikamchorea orodha kwa picha: jua kwa choo cha mchana, mwezi kwa cha usiku, mtu anayekimbia, tone, uso, goti. Mjukuu wake wa darasa la sita ndiye anayejumlisha na kutuma kila Jumatano, nakala moja kwa Sista na moja kwangu. Katika miezi saba nimemwona akivuka 5 mara mbili, na mara zote mbili alikuwa ameshafungua ukurasa wa njano kabla Sista hajampigia. Ya wiki hii imeingia nikiwa naandika aya hii: "0-0-1-0-0-1 jumla 2. Bibi anasema mwanangu goti ni la uzee na anaenda kuvuna mbaazi."